Padri, maji ya baraka na motoka ya yaya Guelord

Chola, acha kila kitu, soma hii.

Unajua vile yaya Guelord, kaka yangu mukubwa, alikata Corolla ya mama? Akatosha milango, akatosha toiture, ile paa, akabakisha tu moteur, volant na viti mbili. Anasema ni "voiture légère", gari nyepesi. Miye naona kitanda chenye kuwa na usukani.

Ile Corolla ilitoka Zambie, volant, ule usukani, ilikuwa kuume. Yaya akaamua kuihamisha kushoto, yee mwenyewe. Mécanicien mumoja, fundi wa mutaa wa Annexe, akamwambia: "Patron, ukipindua ile chuma ya direction, yenye kugeuza ma pneu, utazungusha kushoto, itaenda kuume." Yaya akamucheka! "Weye ulisomea wapi?"

Leo akaita padri aibariki. Padri akasimama mbele, kuume kidogo, na maji yake. Yaya akawasha, akazungusha volant kushoto juu ya kumuepuka. Motoka ikaenda kuume. Ku padri, Chola! KU PADRI! Yaya akazungusha tena, motoka ikazidi kumufwata. Padri akakamata soutane, ile kanzu yake, mu mikono, akakimbia mu mihogo ya mama, akaanguka. Motoka ikaenda kusimama mu ukuta wa choo.

Padri iko bado mu matope, na unajua yaya alisema nini? "Mon père, hakuna mubaya. Inaomba tu kuzoea."

KUZOEA!

Mama akaangalia Corolla yake. Akafunga kikwembe, kitenge chake, muzuri.

"Ndjo vile, mwanangu, utazoea. Dimanche utanibeba ku mugongo mpaka ku misa."