Pigo Linalochelewa

Jumatatu, 8 Septemba
Nimekata majani ya ng'ombe, nimeoga, nimerudi kwenye biti, muziki ninaoutengeneza. Ndiyo itakayowaingiza ukumbini dada zetu wa kidato cha nne siku ya mahafali. Madam Upendo, mwalimu wetu wa muziki, amenipa mimi kazi hiyo, wa kidato cha tatu! Kaka Elia, mtoto wa baba mkubwa, ameniazima kompyuta yake ya zamani. Ngoma nimezipiga kwa vidole, pigo kwa pigo. Jumamosi nashuka mjini, Pasua, kwenye studio yake arekebishe sauti. Sauti tu.

Jumamosi, 13 Septemba
Elia alisikiliza kidogo. "Mdogo wangu, umepiga kama mlevi." Akabonyeza kitufe kimoja. Kila pigo likaruka na kukaa juu ya mstari wake kwenye kioo. Akahifadhi juu ya ile yangu. Ya kwangu haipo tena. Hakuniuliza. Na mimi nikasema asante. Asante ya nini?

Jumatatu, 15 Septemba
Mazoezi. Aibu. Dada Neema, kiongozi wa wahitimu, aliwasimamisha wenzake. "Anande, tunaingia ukumbini au tunaenda mstarini?" Wakaanza kupiga gwaride, magoti juu, wakicheka. Hakuna aliyecheza. Madam amesema Alhamisi ya wiki ijayo wasipocheza, ataweka wimbo wa mtandaoni.
Hata kiburu cha mama, ndizi na maharage, kimenishinda. Aliyeiua biti ni Elia, ninayechekwa ni mimi.

Jumatano, 17 Septemba
Nimesogeza mapigo yote nje ya mistari, kwa kubahatisha. Sasa ni sufuria zinazoanguka. Elia akisikia atafurahi. Hataisikia.

Jumapili, 21 Septemba
Kipaimara cha binamu. Matarumbeta yalitusindikiza kutoka kanisani kupanda hadi kwa shangazi. Nilienda nimenuna.
Tambarare, ngoma kubwa ilikwenda sawa na miguu yetu. Mlima ulipoanza, mpigaji wake, baba mmoja mnene, akaelemewa. Pigo lake likawa linakuja nyuma kidogo. Tarumbeta hazikumsubiri. Ngoma ndogo nayo haikumsubiri. Na hapohapo akina mama wakaanza kucheza! Wale wale waliokuwa wanatembea tu.
Nikamfuata kwa nyuma mpaka getini. Si kila pigo lililochelewa. La kwanza lilikuwa palepale. La pili tu, la mguu unaosukuma mwili juu.

Jumanne, 23 Septemba
Ngoma nzito nimeirudisha juu ya mstari. Kayamba pia, moja kali, moja laini. Yaani Elia alikuwa sahihi nusu. Inaniuma kuandika hivyo. Makofi tu, yanayoanguka kwenye pigo la pili, nimeyavuta nyuma. Nikazidisha, biti ikachechemea. Nikarudisha chembe. Shingo yangu ikaanza kwenda yenyewe.
Nikamtumia Elia kwa simu ya mama. Kajibu: "Makofi yamechelewa. Niyanyooshe?" Nikaandika HAPANA. Mama akasema hiyo si adabu kwa mkubwa. Nikaongeza: kaka.

Alhamisi, 25 Septemba
Dada Neema alikuja na magoti ya gwaride tayari. Hayakumfikisha popote. Kiuno kilimtangulia. "We Anande! Umetia nini humu?" Madam alichomoa flashi akaiweka kwenye mkoba wake.

Jumamosi, 27 Septemba
Mahafali. Mshereheshaji alitangaza: muziki umetengenezwa na Elia, wa Pasua. Nani kamwambia? Nilinyanyuka kwenye kiti. Mama alinishika sketi. Nilitaka kupiga kelele mbele ya wazazi wote na mchungaji.
Biti ikaanza. Dada Neema akaingia wa kwanza, joho likimyumba, na wenzake nyuma yake, kila mguu wa pili ukikawia kidogo kama unapanda. Wazazi wakasimama.
Elia alikuwa mlangoni, amekunja mikono, uso wa mtu anayesubiri kosa. Nilimtazama kisigino. Kilikuwa kinagonga sakafu, kikichelewa pamoja na makofi yangu.
Nikakaa.