Fundi Hakuua

3 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi, binti wa pili wa kaka yako, yule ambaye mama alikuletea kwa siri umshike akiwa na miezi minne. Natumai barua hii inakukuta mzima, na mguu haukusumbui sana. Sisi hatujambo. Baba presha yake inapanda na kushuka, ila bado ana nguvu za kugombana na redio.

Shangazi, mimi siku hizi naandika michezo ya kuigiza. Ukumbi mkubwa wa hapa mjini umenipa kazi ya kukigeuza kitabu cha baba kuwa mchezo wa jukwaani. Wakiona watu wanakuja, wanasema, huenda kikatengenezewa filamu. Unakijua kitabu chenyewe. Miaka thelathini na sita kinasomwa mashuleni, na hata anayenishonea viatu anamjua fundi cherehani aliyehesabu matone hamsini ya dawa kwenye kikombe cha mwenye nyumba.

Wiki mbili nimekaa nacho mezani, sijaandika hata mstari. Mwezi uliopita tulikuwa tunakunja nguo, mama akaniambia bila kuniangalia: "Yule fundi ni shangazi yako. Kila kitu ni chake, isipokuwa kuua." Nikamuuliza baba, akasema riwaya ni riwaya. Sitaki kugusa kalamu kabla sijakusikia wewe.

Mwanao.


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mguu ni ule ule, mmoja unatangulia na mwingine unajivuta. Katika ukoo mzima wewe ndiye wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo nitakujibu yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, fundi wa nguo, na baba yako ishirini na minne, karani ofisi ya ardhi. Wazazi walishakufa, nikamlea mimi. Tulipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja asiye na mtu, mgonjwa wa moyo. Kila siku saa nne nilimpa matone kumi ya dawa ndani ya maji. Siku moja nilikwenda kununua vifungo na uzi, nikamwachia baba yako kazi hiyo, maana alikuwa nyumbani, likizo. Niliporudi mzee alikuwa amelala, na hakuamka. Daktari alisema ni moyo, tukazika.

Watu wakanong'ona kidogo, kama kawaida yao, wakachoka. Kisha, baada ya miaka miwili, kitabu kikatoka. Fundi anayevuta mguu wa kushoto. Cherehani ya kijani. Pini mdomoni wakati wa kuongea. Hakubadilisha hata rangi ya pazia. Alibadilisha kikombe tu: ndani ya kitabu anayekipeleka ni mimi.

Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Nilikuwa nimechumbiwa na fundi mwashi, mtu mpole. Aliniuliza mara moja tu, lakini aliniuliza. Nikamrudishia pete. Nikahamia mji huu, na kitabu kikanifuata kwenye mikoba ya wanafunzi.

Nilimwendea baba yako kabla sijahama. Nikamwambia, "Umenifanya nini?" Akasema, "Dada, hakuna aliyetaja jina lako." Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Simwambii mtu kwamba kaka yangu aliua. Sikuwepo. Ninachojua ni nani alipeleka kikombe. Na kama unataka kujua nataka nini, sitaki aniombe radhi kwa barua. Nataka akae kiti cha mbele, watu wakiwa nyuma yake, amwone muuaji akiingia, na amjue.

Shangazi yako.


30 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na natumai cherehani inaimba. Mimi mzima, ila usingizi umepungua. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika penye mkunjo.

Nimeandika. Katika mchezo wangu kila kitu kinaenda kama kitabu mpaka sehemu ya tatu, ambapo polisi wanakuja kumchukua fundi. Hapo ndipo mpelelezi anapouliza swali ambalo ndani ya kitabu halikuulizwa: saa nne, fundi alikuwa wapi? Mwuza vifungo anajibu, "Alikuwa kwangu." Basi nani alikuwa nyumbani? Na yule karani, mdogo wake fundi, aliyekaa pembeni na kitabu chake tangu mwanzo, anasimama.

Mwongozaji wetu alisoma, akavua miwani. "Watoto wanajibu kwenye mitihani kwamba muuaji ni fundi," akasema. "Watatutupia viti." Kisha akageuza ukurasa akaniuliza, "Halafu?" Nikajua nimempata.

Baba alitoa ruhusa ya jukwaa kwa mstari mmoja na hajaomba kusoma. Naogopa, shangazi. Mwigizaji wa karani ni hodari lakini ni kijana aliyenyooka kama rula. Baba alikuwa anavaa nini? Alikuwa anasimama vipi?

Mwanao.


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzima, na nina furaha, ingawa si furaha ya kujivunia.

Nakutumia koti kwa basi, mwulize konda. Baba yako bega lake la kushoto liko chini, vidole viwili, kwa sababu ya kubeba mafaili tangu ujana. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea. Kila koti nilitia pamba kwenye bega hilo ili likae sawa na watu wasione. Ndiyo maana hakuna anayejua isipokuwa waliomwona akiwa na koti langu lililochakaa, na wale wa ofisini kwake walimwona miaka. Hili nimelikata bila pamba, liporomoke lenyewe. Hata ukilivisha mlingoti litainama. Msilinyooshe.

Mfuko wa kulia ni mrefu, wa kitabu. Alisoma popote, hata akiwa anakoroga uji. Na mwambie huyo rula: kabla ya kusema uongo, ashike kifungo cha pili.

Shangazi yako.


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi sijui nikuambie nini kuhusu hali yangu, acha nikusimulie.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi umejaa. Nilimkalisha baba kiti cha mbele, kati yangu na mama. Koti lilipoingia jukwaani, mzee mmoja nyuma yetu, aliyefanya kazi naye ofisi ya ardhi, akasema wala si kwa kunong'ona: "Si karani wetu huyu?" Baadhi wakacheka. Baba hakugeuka. Katika sehemu ya tatu, mpelelezi alipouliza nani alikuwa nyumbani, mkono wa baba ulipanda kifuani kwenye kifungo. Jukwaani mwigizaji akafanya hivyo hivyo. Baba akaona. Akaushusha mkono wake polepole, akauweka gotini kama si wake.

Watu walisimama kupiga makofi. Yeye alibaki amekaa mpaka wafagiaji wakaingia. Akaniuliza jambo moja: "Lile koti kashona nani?"  Akainuka bila kungoja jibu.

Gazeti la Jumatatu likaandika kwa herufi kubwa: FUNDI HAKUUA. Mwandishi wake amechimba mpaka akajua kwamba yupo fundi wa kweli. Na kampuni ya filamu imekuja, shangazi. Wanautaka mchezo wangu. Lakini kitabu ni mali ya baba, na bila saini yake hakuna filamu. Amesema atasaini kama mwisho utarudi kuwa ule wa kitabu. "Mchezo wa jukwaani unasahaulika," ameniambia. "Filamu inabaki."

Nimewaomba wanipe muda.

Mwanao.


10 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima.

Usikubali.

Shangazi yako.


25 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa najua huwezi kufurahi kuona mwandiko wangu.

Nimesaini. Filamu itakuwa na mwisho wa baba. Walisema nikikataa watamtafuta mwandishi mwingine, na huyo mwingine alishaanza kusema fundi aongezewe na kovu usoni. Nilijiambia afadhali niwemo ndani, nikutetee kwa yale madogo. Kovu nimeliondoa. Mguu wa kuvuta wameubakiza.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Wewe sitakudanganya. Nina miaka thelathini na moja, naandikia kumbi zinazovuja, na nilitaka jina langu lisomwe mahali pakubwa. Baba alinishika bega baada ya kusaini, akaniita mrithi wake. Nilifurahi, shangazi. Nilipofika nyumbani nikaigeuza barua yako kifudifudi mezani.

Nigombeze, lakini uniandikie.

Mwanao.


6 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita hujanijibu, na sina haki ya kulalamika. Naandika kwa sababu ni lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Mwanasheria wa kampuni amesoma lile gazeti. Anasema fundi wa kweli yuko hai, anajulikana, na anaweza kuwapeleka mahakamani. Hawapigi picha hata moja mpaka wewe utie saini kwamba huna pingamizi. Wametoa mpaka tarehe thelathini Novemba, baada ya hapo wanachukua hadithi nyingine.

Baba ameipokea hiyo karatasi. Amekaa nayo siku tatu bila kuwasha redio. Amesema ataileta mwenyewe.

Sijui nikuombe nini. Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini. Lakini kazi yangu yote iko kwenye karatasi hiyo. Tafadhali.

Mwanao.


27 Novemba

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Mimi mzima. Baba yako naye ni mzima. Naweza kukuhakikishia kwa sababu namwona kila siku.

Alikuja tarehe kumi na tano. Nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano, nikaona viatu kwanza. "Dada," akasema. Amezeeka vibaya. Nikamwonyesha benchi. Akatoa karatasi na kalamu yake ya wino, akaviweka juu ya kitambaa cha mteja. Nikaviondoa. Nikamwambia, "Kwanza kikombe."

Siku ile alisema riwaya ni riwaya. Nikamwambia njoo kesho. Siku ya pili alinieleza presha yake, na wewe ulivyo na kipaji, na kwamba nisimwadhibu mtoto kwa makosa ya wakubwa. Njoo kesho. Siku ya tatu alinikuta na wateja wawili, akaomba niwatoe nje kidogo. Nikamwambia hawa wamekuja kupimwa nguo zao, hawatoki.

Basi akasema mbele yao. Alikuwa anasoma huku anahesabu matone. Akapoteza hesabu, akaanza upya kwenye kikombe kile kile, akapoteza tena, akaanza tena. Mpaka leo hajui yalikuwa mangapi. Mzee alikunywa na akamshukuru. Watu walipoanza kunitazama mimi, yeye akatazama chini. "Nilikosa usingizi miaka miwili, dada," akasema. "Nilipoandika kuwa ni wewe, nikaanza kulala."

Mmoja wa wale wateja ni mwalimu. Kitabu hicho anakifundisha kila mwaka. Akamwambia kwa adabu kwamba hakusikia vizuri pale mwanzo, je, anaweza kurudia. Akarudia.

Nilidhani nikishasikia nitapumua. Sikupumua. Lilikuwa jambo dogo, mwanangu. Kosa la kijana mzembe. Angelisema siku ile ile tungelia pamoja, tukamzika mzee, na mimi ningeolewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, na udogo wake ndio ulionichoma upya. Akanisogezea kalamu. Nikamwambia njoo kesho.

Amepanga chumba nyumba ya wageni iliyo mbele ya duka langu. Anakuja saa tatu, anakaa benchi mpaka saa sita, anakwenda kula, anarudi. Leo ni siku ya kumi na tatu. Wateja wamemzoea, wanamsogezea nafasi. Mama mmoja alimuuliza ameniletea suruali au shati, mbona nimemchelewesha hivi. Akaikunja ile karatasi.

Tarehe ya mwisho naijua, mwanasheria ameipigia mstari. Najua pia kwamba nikikataa unaumia wewe, na sitajifanya silioni hilo. Ulinijia kwanza ukaniuliza, sitalisahau. Kisha ukasaini bila kuniuliza, na hilo nalo sitalisahau. Mchezo wa jukwaani bado ni wako. Upeleke kila ukumbi utakaokupokea, hata huo unaovuja, na hayo maneno ya kikombe nakupa uyatie ndani. Yana mashahidi wawili. Filamu haitakuwepo.

Tarehe mosi nitamwambia baba yako kwamba hakuna kesho tena, arudi kwenu. Mpokee vizuri, ni baba yako. Mimi nilishampokea mara nyingi kabla hujazaliwa.

Sasa ni saa tatu kasoro. Namwona anavuka barabara, amevaa shati safi, karatasi iko mkononi. Acha nifunge bahasha nikamwambie njoo kesho.

Shangazi yako.