Kiti cha Pili Mezani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Shirimatunda, marahaba. Ng'ombe amezaa, babu yako hajambo, na leo mlima umejifunua wote.

Unauliza umfanyeje yule dada unayemsimamia, anayekosea kazi siku hizi na hasemi kitu.

Nilipokuwa nachambua kahawa kiwandani Moshi, mama yangu aliugua. Punje nyeusi, zile mbovu za kutolewa, zilinipita vidoleni kama naziota tu, na magunia yangu yakarudishwa. Nikangoja kuitwa ofisini. Msimamizi wetu, Mama Aikande, hakuniita. Alivuta kiti, akakaa kando yangu, akachambua nami fungu langu, vumbi la maganda likielea kwenye jua la dirishani. Siku ya tatu akasema, macho yake mezani, "Mwanangu, nyumbani kuna nini?"

Nikamwambia.

"Basi uwe unakuja ukishamlisha mama. Fungu lako nitalianza mimi."

Na kweli, kila asubuhi nilikuta ameshaanza.

Hadi leo nikikaa kuchambua maharage, huwa naweka kiti cha pili. Babu yako haulizi tena ni cha nani.

Bibi yako