Mihogo ya Ukingoni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo.

Kioko amehama. Mdogo wangu amebeba kitanda chake akaenda kukaa Likoni, na mimi ndiye niliyemfanya aondoke, ingawa sikumwambia aende. Nataka usikie kutoka kwangu.

Ulipotutoka, kanisa letu hapa Kinondo lilipata mchungaji mpya kutoka bara. Si mtu mbaya, Baba. Aliliona shamba la kanisa ulilokuwa ukilitunza akasema Mungu anataka watu wake wastawi, na ustawi unahitaji mpango. Akalizungushia seng'enge shamba lote, akapata mkataba wa kupeleka mihogo kwenye hoteli moja ya Diani, akamweka Kioko kuwa msimamizi. Vijana wetu waliokuwa wakishinda barazani wakapata vibarua. Paa la kanisa likaacha kuvuja. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine.

Lakini seng'enge iliifungia ndani hata mistari ya ukingoni, ile uliyokuwa hutaki tuivune. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini tunawagawia majirani wenye shida chakula cha kanisa. Ukasimamisha jembe, ukasema, "Hatuwagawii, Ndinda. Upande huo Mungu amewapa wao. Sisi tukiuvuna, wezi ni sisi."

Bi Mwanasha, jirani yetu wa upande wa msikitini, hakusikia habari za mkataba. Au alisikia akaona hazimhusu. Jumapili asubuhi alipita chini ya seng'enge akang'oa mihogo, kama alivyozoea tangu afiwe na mumewe. Nilipofika ibadani nilimkuta ameketishwa kwenye ngazi za kanisa, buibui limechanika begani, mikono imefungwa kwa leso yake mwenyewe na mlinzi wa shamba. Kikapu chake kiliwekwa mbele yake ili kila anayeingia akione.

Mama yule, Baba. Yeye aliyekuletea uji siku ulizokuwa huwezi kumeza kitu kingine.

Barabarani walikuwa wamesimama wanaume wa kijiji, mwana mkubwa wa Bi Mwanasha akiwa mbele. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Kioko alisema, "Mwizi ni mwizi. Tukimwachilia huyu, kesho hatuna shamba, na hoteli itatuacha." Mchungaji alimsihi Bi Mwanasha kwa upole aombe radhi tu mbele ya waumini, mambo yaishe. Bi Mwanasha akainua uso. "Siombi radhi kwa chakula alichoniachia marehemu. Nifungueni, au nipelekeni polisi."

Nilipiga magoti nimfungue. Kioko akanikamata mkono, akaubana hadi nikaumia. Watu sasa wanasema nilikuwa jasiri. Si kweli. Nilitaka kukimbia. Niliwageukia waumini nikawaambia maneno yako, yaleyale. Kisha nikawauliza: hoteli zilipofungwa tukarudishwa nyumbani sote bila kazi, ni nani hapa hakula mihogo ya ukingoni?

Halafu mama mmoja wa kwaya akasema, "Mimi nilikula." Akafuata mwingine. Mwisho yule mlinzi aliyemfunga akainamisha kichwa. "Hata wanangu," akasema. Akaja akalifungua fundo kwa meno, maana vidole vilishindwa.

Mchungaji alibaki amesimama. "Mimi sikuambiwa," alisema. Akakichukua kile kikapu, akamsindikiza Bi Mwanasha hadi barabarani, peke yake, akiwaelekea wale wanaume. Nilidhani watampiga. Mwana wa Bi Mwanasha alikipokea kikapu. Mkono hakumpa, lakini kikapu alikipokea.

Ningependa kuishia hapo. Ila seng'enge ilisogezwa ndani, mihogo iliyobaki haikutosheleza mkataba, hoteli ikatafuta mtu mwingine. Vijana wamerudi barazani. Mama zao wananisalimia kwa mkato. Nikiwa jikoni peke yangu najiuliza kama hao nao Mungu hakuwaona. Hilo hukunifundisha, Baba. Ulijua jinsi ya kuacha chakula shambani, lakini hukuniambia la kufanya pale haki ya mmoja inapomnyima mwingine kazi. Kioko alisema akifunga mizigo yake, "Umechagua majirani, sisi umetuachia njaa."

Wiki hii mchungaji ameanza kuketi kuzungumza na mwana wa Bi Mwanasha. Wanataka kanisa na msikiti walime pamoja kile kipande kilicholala nyuma ya msikiti, mavuno yauzwe Ukunda, vijana wa pande zote mbili wapate kazi, na ukingo ubaki ukingo. Wanabishana sana. Kila mmoja anaogopa kudanganywa na mwenzake. Jana walikwama: hakuna kati yao anayejua soko. Bi Mwanasha alikuwa ameketi mkekani, akichambua mchicha, kovu la seng'enge bado linaonekana begani. Hakuinua hata macho.

"Mwiteni Kioko," alisema. "Kazi anaijua."

Nilitoka nje nikalia.

Kesho asubuhi ninakwenda Likoni. Nitabisha hodi kwa mwanao nimwambie ni nani aliyenituma. Akinifungia mlango, nitarudi, na nitarudi tena. Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi hivi: nikija tena kaburini kwako, sitakuja peke yangu.

Mwanao,
Ndinda