Mama Osob na Mlango Nilioufunga

Wahu, acha nikusimulie.

Leo hapa Garissa ofisi yetu ya wadi iliwaita wazee watushauri kuhusu maji. Vumbi likazidi, nikafunga mlango. Kumbe!

Mama Osob, ajuza mpole kabisa, akapiga kelele: "Fungua! Wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, askari wa serikali walituita mkutanoni hivihivi, wakafunga lango. Mume wangu hakutoka."

Hakutoka, Wahu! Na mimi nimevaa beji ya kaunti!

Nikafungua haraka. "Pole, ayeeyo, bibi yangu." Nilidhani ataenda zake. Akahamia kizingitini, mguu mmoja nje, akaniambia: "Haya, andika. Kuna kisima kilifukiwa mwaka ule. Mahali pake napajua. Maji yake matamu."

Nilishindwa kuyaandika maneno yake, Wahu. Machozi tu.