Habari Iliyofika Kabla ya Baba Mdogo

Mwita, rafiki yangu,

Ukurasa wetu wa habari bado unatembea. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Hakuna aliyeuzima. Siku ya mazishi yako, tumesimama pale kwenu Nyambureti na mchungaji anasoma, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu, habari mpya zinaingia: bei ya mahindi, daraja limekatika, dhahabu imeonekana kwenye shamba la mtu na watu wanakimbilia huko na sururu. Niliisikia ikitetemeka, nikawaza tu kwamba seva iko sawa. Ndivyo nilivyo siku hizi. Watu wananiambia nitalia, nisubiri. Nasubiri. Moyo umekufa ganzi. Nakula, nalala, nafungua ofisi, fundi Salumu hapo mbele ananisalimia huku cherehani inakwenda, nami naitikia. Aliomba kiti chako wakalie wateja wake. Nikamkatalia, halafu nikakubali.

Nakumbuka tulivyoanza. Kila mama mwenye kijana machimboni alikuwa anashinda na simu mkononi, anafungua tovuti ya redio hii, anahamia ya gazeti lile, anatafuta duara lipi la kuchimbia dhahabu limeanguka na nani ameopolewa. Ukasema tuzikusanye habari zote za Tarime na Serengeti mahali pamoja, na zijilete zenyewe. Mimi nikatengeneza ukurasa ambao simu inaiuliza seva kila mara, kuna jipya? kuna jipya? Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema nimetengeneza mgeni anayepiga hodi mpaka bando la mwenye nyumba linaisha. Ukaufuta wote, ukaweka wako: simu ikishafungua mlango inauacha wazi, inatulia, na seva ndiyo inayosukuma kichwa cha habari pale tu kinapopatikana. Nilinuna siku nzima. Kisha nikaona kichwa cha kwanza kinashuka kwenye skrini bila mtu kugusa, nikasahau kama nimenuna. Pale penye moyo wa ile programu uliandika kwa ajili yangu, "Hapa habari haisubiri mtu. Rhobi usiguse."

Tuligombana tena kuhusu ule utepe. Habari ikiingia ilikuwa inamsukuma msomaji, sentensi aliyokuwa anaisoma inamtoroka. Ukaweka utepe mwembamba juu, umeandikwa "Habari mpya", augonge akiwa tayari. Mimi niliona unawabembeleza sana. "Usimsukume mtu, Rhobi," ulisema, "mwache aombe mwenyewe." Ukawawekea wote hivyo isipokuwa simu moja, ya mama yako. Macho yake yamechoka, na utepe ule kidole chake kilikuwa kinaukosa. Ukamtengenezea wake peke yake, herufi kubwa kuliko za Biblia yake, habari inashuka na kukaa katikati ya skrini. Huo ulijivunia kuliko wa watu wote.

Ulikwenda machimboni Kemambo kuona kama ukurasa unafika pale ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Ulisema unarudi kula. Waliokuwepo wanasema ulisimama karibu na mdomo wa duara, unawaonyesha wachimbaji simu, mnacheka, ukingo ukamomonyoka. Wewe na mchimbaji mmoja. Hata kushuka shimoni hukushuka, Mwita. Wewe uliyekuwa unaogopa ngazi ya kubadilishia taa.

Aliyenipigia ni baba yako mdogo, Marwa, kutoka Mugumu. Hakusema umekufa. Alisema umezidiwa, nifunge ofisi nielekee hospitali. Nilielewa, nani asiyeelewa? Kwetu kifo hakitolewi kwa simu. Mtu anatumwa, anafika, anakaribishwa, anakunywa maji, anasema mgonjwa amezidiwa, twende. Mnaondoka mnajua na hamjui, na njia nzima mnapewa nafasi ya kujiandaa. Baba mdogo alisema anapanda pikipiki muda ule ule kwenda kwa mama yako Nyambureti, kwa sababu neno hilo lilikuwa lake kulipeleka.

Nikafungua ukurasa. Utepe ulikuwa umewaka. Kwenye kompyuta niliona kwamba redio moja ilishaandika, na jina lako limo, na seva yetu ikalichukua kama inavyochukua mengine yote. Hakuna aliyebonyeza. Uliifanya isihitaji mtu. Nilikaa nautazama utepe bila kuugonga, na ndipo nilipokumbuka kwamba kuna simu moja isiyo na utepe.

Nilimpigia mama, hakupokea. Nikapiga tena. Baadaye nikasikia kwamba baba mdogo alimkuta uani anapepeta mtama. Alikaa, akapewa maji, akasema maneno yake, kwamba Mwita anaumwa, amelazwa Tarime, twende tukamwone. Mama akauliza kama unakula. Akajibiwa, kidogo kidogo. Akasema basi angoje apike uji. Akapika, akautia kwenye chupa, akachukua na sweta lako, wakaondoka. Njia nzima baba mdogo anamweleza habari za homa yako, naye anaitikia. Chupa niliipokea mimi pale getini hospitali. Nikamshukuru Mungu kwamba hakuwa ameiona ile habari.

Matanga yalipoisha nilirudi Nyambureti kumsalimia. Nilimpa shikamoo, nikaomba simu yake nizime ukurasa. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, mama, isije siku moja ikakuletea habari mbaya. Akasema ilishaleta. Aliiona, Mwita. Ilishuka yenyewe ikakaa katikati, kwa zile herufi kubwa, kabla pikipiki haijafika. Aliisoma mpaka mwisho, akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, akaendelea kupepeta kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi. Nikamuuliza, sasa ule uji alipika wa nini?

"Shemeji yangu alitoka mbali na maneno yake," alisema. "Ningemwambia najua, angeyapeleka wapi?"

Nilijua hapo ndipo pa kulia. Sikulia. Nikamwambia naizima sasa hivi. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Yangu iache, ni kazi ya mwanangu. Habari ya mama mwingine ndiyo uishike, mpaka mtu afike."

Kwa hiyo nimegusa pale ulipoandika nisiguse. Sasa habari yoyote yenye kifo na jina la mtu inasimama kwangu kwanza. Namtafuta mtu wa kijiji hicho, awe mtendaji, mchungaji, au shehe, namuuliza kama nyumbani wameambiwa. Wakishaambiwa ndipo naiachia. Najua ungebisha. Ungesema redio hazitusubiri, wasomaji watahama, na habari iliyochelewa ni karatasi ya kufungia vitumbua. Wameanza kuhama kweli. Kijana mmoja kaandika kwamba ukurasa umesinzia tangu mwenyewe afe. Nilisoma, nikayaacha hapo hapo yasomwe na wengine.

Juzi duara jingine limemfukia kijana wa Itiryo. Wenzetu wa redio walikuwa wameshaitangaza habari yake, yetu imesimama inasubiri kidole changu. Nilikaa nayo chai ikapoa. Watu wanaandika, mmelala? Kisha mchungaji wa kule akapiga kusema mjumbe amefika, wamekaa naye, mama wa yule kijana ameshajua. Nikabonyeza. Kichwa cha habari kikashuka vizuri, kama ulivyokifundisha.

Haukupita muda, mama yako akapiga. Hata salamu hakunipa.

"Huyu, walifika kwanza?"

Nikamwambia, walifika, mama. Akasema haya, akakata simu.

Fundi Salumu alisimamisha cherehani akanitazama, ndipo nikajua uso wangu umelowa. Machozi hayakuwa mengi. Akaendelea kushona, nami nikaendelea.

Mwita, ile chupa ya uji ilikuwa bado kwangu. Mara ile nilipokwenda kwa mama sikuibeba, kwa sababu sikuwa nimeifungua, na sikutaka kumrudishia ikiwa imejaa. Leo asubuhi nimeifungua. Uji ulikuwa umechacha vibaya. Nimeumwaga nyuma ya ofisi, nikaiosha kwa majivu, nikaianika dirishani kando ya kompyuta yako.

Pumzika sasa. Ukurasa sitauzima, na ule wa mama sitaugusa mpaka mwenyewe aniambie. Maneno yako kwenye programu nimeyaacha yalivyo, nimeongeza mstari mmoja tu chini yake: "Hii inasubiri mtu afike." Jumamosi nakwenda Nyambureti na chupa ya mama. Nitakaa, nitakunywa maji, kisha nitamwambia kwamba uji ulikufikia.

Mwenzako wa meza ya pili,
Rhobi