Ngazi Isiyo na Msumari

Jumatatu, 5 Machi 1973
Kololo tena, mlima wa wakubwa hapa Kampala, kwa miguu, mfuko wa vifaa begani. Nyumba ya yule daktari Mwingereza sasa ni ya Meja. Paa la vigae bado limeshuka hadi juu ya madirisha, kama kofia ya mtu anayesinzia. Kazi: kung'oa ngazi ya mvule, ijengwe ya zege. Mwisho Jumamosi. Mbao ziwe kuni za sherehe yake ya kuhamia.
Ngazi hiyo aliijenga marehemu baba. Nimesema "ndiyo, afande." Haitaungua.

Jumanne, 6 Machi
Haina msumari hata mmoja. Daktari alitaka kazi ya mkono, na mkono uonekane. Kila ulimi wa mbao umeingia tundu lake, kigingi cha mti kimepita katikati. Askari wawili wameijaribu kwa mtaimbo. Wameambulia kidole kilichovimba. Hawajui kwamba kigingi hugongwa upande mwembamba. Mimi nimetoa kumi na vinne bila kuchubua mbao. Kila kipande nakiandika namba kwa chaki, nije kukiunga upya.

Jumatano, 7 Machi
Sajini amenisimamia tangu asubuhi. "Wewe mzee nachelewesha kazi. Hii mbao iko ya moto tu." Nimeogopa. Watu wametiwa kwenye buti la gari kwa makosa madogo kuliko haya. Nikamwambia kuni za kawaida za jikoni ni afadhali, mvule huu mkavu moshi wake utawaliza wageni wa Meja. Amewaza sana. Kisha: "Basi peleka mbali. Mimi sitaki maneno." Uongo wangu Mungu anaujua.

Alhamisi, 8 Machi
Mvua usiku kucha. Mbao nilizipanga uani. Chaki yote imefutika. Fundi mzima, miaka thelathini kwenye randa, naacha chaki nje mwezi wa Machi! Vipande sitini na kitu, vyote sura moja. Bila namba ni kuni kweli. Nimejichukia. Sikula.

Ijumaa, 9 Machi
Nimerudi kazini baada ya swala, nikaendelea kutoa tu. Kazi ni kazi. Ulimi mmoja ulikwama, nikaugeuza mwangani nione umekwamia wapi. Kuna mikwaruzo ya patasi. Nikadhani kasoro. Kumbe ni saba, ٧, ya chuo cha Kurani. Nikakimbilia zile za uani. Kila ulimi una namba yake ya Kiarabu, na ndani ya tundu lake namba ile ile. Baba hakujua herufi za Kizungu. Alijiandikia alivyofundishwa, akafunika, asimwambie mtu.
Nimelia mbele ya askari. Nimewaambia ni vumbi la mvule.

Jumamosi, 10 Machi
Safari tatu za mkokoteni hadi kwangu Bukoto. Magoti yananiuma. Sajini amesaidia kusukuma mlimani. Ukumbi umebaki na shimo.

Jumapili, 18 Machi
Zege la Meja limekauka, nasikia. Mbao zote ila moja ziko chini ya kitanda chetu, kwa mpangilio. Mke wangu Mwajuma analalamika kwamba kitanda kimekuwa kirefu, anapanda kwa kigoda. Kidato cha kwanza cha ngazi, chenye ١, moja ya baba, nimekiweka mlangoni. Leo nimekipaka mafuta, nikavua viatu, nikakipanda, nikaingia kunywa chai.